Soma Maji Kabla ya Mlima: Mwongozo Kamili wa Kununua Mchoro wa Ziwa na Milima Mnadani

Mchoro wa ziwa lililotulia chini ya milima una nguvu ambayo michoro mingine mingi haina: humteka mtu kabla hajaanza kuutazama vizuri. Jicho hupanda lenyewe hadi kileleni, likatua kwenye theluji na mwanga wa jioni, na moyo ukawa umeshasema "huu ni wangu" ilhali mkono haujagusa hata fremu. Ndiyo maana michoro ya aina hii ilichorwa kwa wingi mno katika karne ya 19 na baada yake, mizuri kwa mibovu, na ndiyo maana katika minada ya sanaa huikosi.

Mimi nimejizoeza kuanza chini, kwenye maji. Mlima kwa kawaida hupakwa rangi nzito isiyopitisha mwanga, nayo huvumilia mengi. Maji tulivu, hasa ile taswira ya mlima iliyolala ndani yake, mara nyingi hujengwa kwa tabaka nyembamba za rangi, moja juu ya nyingine, mwanga ukipenya na kurudi. Tabaka hizo ndizo za kwanza kuondoka mchoro unaposafishwa vibaya, na ndizo ngumu kuliko zote kurudishia. Maji yakiwa mazima, una sababu nzuri ya kuendelea kutazama. Yakiwa yamechoka, uzuri wa mlima usikuzuzue.

Hatua ya 1: Soma katalogi neno kwa neno

Kila kitu kinachouzwa mnadani huitwa loti na kina namba yake. Chini ya namba kuna mistari michache: jina la mchoraji, jina la mchoro, umechorwa juu ya nini, vipimo, sahihi, makadirio ya bei. Mistari hiyo imeandikwa kwa tahadhari ya kisheria, kwa hiyo isome hivyo hivyo.

Anza na jina la mchoraji. Likisimama peke yake, kamili, bila neno la kulisindikiza, nyumba ya mnada inasema kwamba kwa maoni yake kazi ni ya mtu huyo. Likitanguliwa na "inahusishwa na", maana yake ni huenda ni yake, ila uhakika haujatimia. "Karakana ya" ni kazi iliyotoka mahali alipofanyia kazi, pengine chini ya usimamizi wake. "Mduara wa" ni ya mtu wa zama zake aliyekuwa karibu naye. "Mfuasi wa" ni aliyefuata mtindo wake bila kuwa lazima mwanafunzi wake. "Kwa mtindo wa" ni uigaji wa wakati wowote, hata wa juzi. "Nakala baada ya" ni kunakili kazi inayojulikana. Kila ngazi unayoshuka, bei nayo hushuka, na mporomoko kati ya ngazi ya juu na ya mwisho huwa mkubwa sana.

Halafu angalia sahihi inavyosimuliwa. Katalogi ikisema mchoro "umesainiwa", wanaamini mchoraji mwenyewe ndiye aliyeandika. Ikisema mchoro "una sahihi" au "una jina" la fulani, wanakuambia kwamba jina lipo, lakini hawathubutu kusema nani aliliandika. Watu wengi hupita juu ya tofauti hiyo kama hawajaiona, kisha hushangaa baadaye kwa nini hakuna wa kumlaumu.

Hata sahihi ya kweli haimalizi mjadala. Mchoraji Mfaransa Gustave Courbet alikimbilia Uswisi mwaka 1873, akaishi La Tour-de-Peilz kando ya Ziwa Geneva hadi kifo chake mwaka 1877. Alikuwa anadaiwa gharama za kuisimamisha upya nguzo ya Vendôme ya Paris, zaidi ya faranga 323,000, na watu walitaka mandhari ya ziwa yenye jina lake. Wasaidizi wake, Cherubino Pata akiwa mmoja wao, walishika brashi, na baadhi ya kazi zilizotoka hapo zikapata sahihi ya bwana. Zaidi ya hizo kuna bandia za watu wa nje. Kwa hiyo ukikutana na ngome ya Chillon iliyo kando ya ziwa hilo, maji ya kijani na milima nyuma yake, huku jina la Courbet likiwa kwenye kona, swali lako la kwanza liwe: mtaalamu gani anayetambulika ameikagua kazi hii, na imo kwenye orodha kamili ya kazi zake?

Makadirio ya bei huandikwa kwa namba mbili, ya chini na ya juu. Aghalabu hayajumuishi ada ya mnunuzi, yaani asilimia ambayo mnunuzi huilipa nyumba ya mnada juu ya bei. Nyuma yake kuna bei ya siri ambayo muuzaji hakubali kushuka chini yake, na kwa desturi haizidi makadirio ya chini. Basi makadirio yakisema 600 hadi 900, mchoro unaweza kuondoka kwa 600 au pungufu kidogo endapo wanunuzi ni wachache.

Hatua ya 2: Omba ripoti ya hali, kisha uliza ambayo haikuyasema

Ripoti ya hali haina malipo katika nyumba nyingi za mnada, na kuiomba hakukufungi kununua. Iombe mapema, siku kadhaa kabla. Usiridhike na sentensi ya "hali nzuri kwa umri wake". Uliza maswali yanayohitaji jibu la wazi: Je, kanvasi imebandikwa kanvasi nyingine nyuma? Kuna mpasuko uliozibwa, na uko wapi? Mlipomulika kwa miale ya urujuanimno (ultraviolet) mliona nini? Rangi inabanduka popote? Vanishi ni ya zamani au imepakwa upya? Omba pia picha za mgongo, za kona zote nne, za sahihi kwa karibu, na moja iliyopigwa huku mwanga ukitoka ubavuni.

Nilishajifunza kwa maumivu. Nilinunua kwa kuangalia picha peke yake mchoro mdogo wa ziwa usiku, mwezi juu ya milima, na njia nyeupe ya mwanga ikikatiza maji. Ripoti sikuomba, niliona makadirio ni madogo mno kuhangaikia. Mchoro ulipofika nilizima taa, nikaumulika kwa taa ya kukagulia noti, ambayo hutoa miale hiyo. Juu ya ile njia ya mwanga ukatokea mstari mweusi, mnene kama kidole, ukishuka kutoka angani hadi ufukweni. Kanvasi ilikuwa imechanika, ikazibwa, na fundi akaipaka upya njia yote ya mwezi ili kuficha mshono. Kile nilichokipenda zaidi katika mchoro ule hakikuwa cha mchoraji.

Hatua ya 3: Nenda ukaone, na usimame vizuri

Kabla ya mnada kuna siku za maonyesho. Kama kuna namna yoyote ya kufika, fika. Picha ya simu hung'arisha bluu na kuficha nyufa. Beba tochi ndogo, kioo cha kukuzia, futi ya kupimia na daftari. Wafanyakazi wamezoea kuombwa mchoro uteremshwe ukutani. Omba kwa adabu, na usiuguse uso wa rangi kwa kidole hata siku moja.

Kwanza rudi nyuma hatua 4 au 5, utazame mchoro mzima kwa dakika mbili bila kufanya lolote. Je, umbali upo? Katika mandhari nzuri ya ziwa, hewa ina unene: milima ya mbali ni mepesi na ya bluu, ya karibu ina joto na giza, na maji yanakubeba kutoka miguuni pako hadi ukingo wa pili. Mchoro dhaifu una milima iliyobandikwa kama karatasi, na ziwa lililosimama wima kama ukuta.

Sasa karibia, uanze na maji. Tafuta taswira ya mlima ndani ya ziwa na uilinganishe na mlima wenyewe. Katika maji tulivu, kilele na taswira yake hulala kwenye mstari mmoja wa wima. Taswira ikiwa imehama kushoto au kulia, mchoraji alikuwa anabuni bila kuangalia. Taswira pia huwa na giza kidogo penye mwanga na mwanga kidogo penye giza, yaani tofauti zake ni laini kuliko za mlima. Wachoraji waliokaa kando ya maji kwa saa nyingi walilijua hili mkononi.

Halafu tafuta uchakavu. Weka kioo cha kukuzia juu ya sehemu yenye giza ya maji. Ukiona vidoto vidogo vya rangi iliyofifia vimekaa kwa mpangilio, kimoja juu ya kila fundo la uzi, hapo rangi imesuguliwa hadi vichwa vya kitambaa vimechungulia. Huo ni usafishaji wa kupita kiasi, na haurudi nyuma. Dalili nyingine ni taswira inayokatika ghafla: mlima una mabonde na vivuli vyote, lakini ndani ya maji kuna bapa la kijivu. Kuna tabaka lililokuwepo hapo likafutwa pamoja na vanishi.

Kuna wachoraji ambao hawakuchora hivyo, na usiwapime kwa kipimo hiki. Mchoraji Mswisi Ferdinand Hodler, katika mandhari zake za mwisho za Ziwa Geneva na Mont Blanc za mwaka 1918, alizochora akiwa mgonjwa nyumbani kwake, aliweka maji kwa mikanda mipana ya rangi. Mchoro wa namna hiyo unaukagua kwa nguvu ya mkanda wenyewe na ukingo wake. Taswira yenye tabaka nyembamba hutaikuta.

Toka majini, panda angani. Anga na maji ndiyo maeneo mapana yasiyo na vitu vingi, na katika uwazi huo makosa hayana pa kujificha. Shika tochi ubavuni mwa mchoro, mwanga ulale juu ya uso wake. Mabonde na matuta yatajitokeza: kanvasi iliyolegea, sehemu iliyozibwa, alama ya mstatili inayofuata kiunzi cha mbao kilicho nyuma. Alama hiyo ya kiunzi ni ya kawaida kwa michoro ya zamani. Mviringo wa nyufa kama utando wa buibui kwa kawaida ni pigo, mtu aligonga kitu pale. Nyufa nyembamba zilizoenea kote kwa utulivu ni umri tu.

Kwenye theluji uwe mwangalifu. Rangi nyeupe ya zinki, iliyoanza kutumika sana katikati ya karne ya 19, hukauka ikawa ngumu na dhaifu kama ganda la yai, na inaweza kupasuka au kuachana na tabaka la chini. Tazama kingo za nyufa juu ya kilele: zikiwa zimejikunja kuelekea juu, rangi inajiandaa kuanguka, na gharama ya kuilaza chini utailipa wewe. Upande wa pili wa mchoro, kwenye miamba ya giza ya ufukweni, adui ni lami. Wachoraji wengi wa karne ya 19 walichanganya lami kupata kahawia yenye kina, na lami haikauki sawasawa. Rangi hujikusanya ikaacha mifereji mipana, uso ukafanana na ngozi ya mamba. Ukarabati wake ni mgumu na matokeo yake mara nyingi ni ya nusunusu.

Watu wadogo na mashua nao wanastahili macho yako. Mashua yenye mvuvi mwenye fulana nyekundu huuza mchoro, na wapo waliowahi kuongezwa miaka mingi baadaye kwa sababu hiyo. Angalia chini ya kioo: rangi ya asili imepasuka pamoja na maji yaliyoizunguka. Rangi iliyoongezwa huwa imepita juu ya nyufa, au imetiririkia ndani yake. Kipimo hicho hicho ndicho unachokitumia kwa sahihi. Wino au rangi ya sahihi ikizama ndani ya ufa, ufa ulikuwepo kabla ya sahihi.

Ukiruhusiwa, maliza kwa taa ya urujuanimno gizani. Vanishi ya zamani ya utomvu wa asili hung'aa kijanikijani kama ukungu. Marekebisho ya karibuni yaliyopakwa juu yake huonekana kama mabaka ya giza, zambarau au meusi. Lakini zipo vanishi zinazopakwa ili kuzuia mng'ao huo, kwa hiyo uso usioonyesha kitu chochote hauthibitishi usafi.

Hatua ya 4: Geuza mchoro

Mgongo hausemi uongo mwingi kama uso, kwa sababu wachache hujisumbua kuupamba. Tazama kwanza kitambaa. Kanvasi ya zamani ina rangi ya chai na vumbi lililoingia kwenye uzi. Ikiwa nyeupe na safi wakati uso una umri, huenda imebandikwa kanvasi mpya. Kubandikwa huko si dhambi. Michoro mingi mikubwa ya karne ya 19 imefanyiwa hivyo kuokolewa. Kinachokusumbua ni kupoteza maandishi yaliyokuwa nyuma, na joto la pasi la zamani ambalo liliweza kuulaza unene wa rangi ukawa bapa.

Tazama kilichoshikilia kanvasi. Misumari midogo iliyopata kutu inapatana na umri. Pini za stepla ni za katikati ya karne ya 20 kuja mbele, ingawa mchoro wa zamani unaweza kuvutwa upya na kupigwa stepla. Kabari ndogo za mbao kwenye kona za kiunzi hutumika kukaza kanvasi. Hesabu kama zipo zote, kwa sababu iliyoanguka mara nyingi hukwama chini kati ya kitambaa na mbao na kutoa kinundu mbele. Ubao mgumu wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa (hardboard) ulianza kutengenezwa miaka ya 1920, hivyo mchoro wa "mwaka 1870" uliochorwa juu ya ubao huo umejikana wenyewe.

Michoro midogo juu ya karatasi au kadibodi usiidharau. Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani, alisajili uvumbuzi wa tyubu ya bati ya kukamulia rangi, na kutoka na rangi za mafuta kwenda kuchora kando ya ziwa kukawa rahisi kuliko zamani, rangi zilipobebwa kwenye vibofu vya nguruwe. Ukiona vitundu vya pini kwenye kona za karatasi, pengine nafasi chache ambazo brashi haikufika kwa haraka, huenda umeshika mchoro uliofanywa pale pale, upepo ukivuma. Binafsi naupenda kuliko mkubwa uliomaliziwa ndani, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Kisha soma kila lebo, muhuri, namba ya chaki na mwandiko wa penseli. Lebo ya duka la vifaa vya uchoraji yenye anwani inaweza kukusaidia kukadiria miaka, kwa kuwa maduka yalihamahama. Namba ya chaki au ya stensili inaweza kuwa ya mnada wa zamani. Lakini lebo hutengenezwa pia. Mghushi Mjerumani Wolfgang Beltracchi na wenzake walibandika lebo za kughushi za mkusanyaji Alfred Flechtheim nyuma ya kazi zao. Mchoro mmoja wa farasi wekundu, uliodaiwa kuwa wa mchoraji Heinrich Campendonk wa mwaka 1914, uliuzwa mnadani mwaka 2006 kwa takriban yuro milioni 2.9. Maabara ilikuta ndani yake nyeupe ya titani, rangi ambayo mwaka 1914 wachoraji hawakuwa nayo. Beltracchi alihukumiwa kifungo mwaka 2011.

Hatua ya 5: Fuata mikono iliyoushika

Historia ya umiliki ni mnyororo wa majina na miaka tangu chumba cha mchoraji hadi kwa muuzaji wa leo. Michoro ya kawaida ina mnyororo mfupi, labda "kutoka familia moja", na kwa bei ndogo hilo linavumilika. Bei ikipanda, mapengo yanapaswa kuelezwa. Pengo la kuogopwa zaidi kwa michoro iliyokuwa Ulaya ni la 1933 hadi 1945, miaka ya utawala wa Wanazi, ambapo Wayahudi wengi walinyang'anywa mali zao.

Mchoraji Gustav Klimt alipumzika majira mengi ya kiangazi kando ya ziwa Attersee huko Austria, akalichora kwenye kanvasi za mraba. Mojawapo ni mandhari ya Litzlberg, ya mwaka 1914 au 1915: nyumba na mlima wa kijani unaojaza karibu mraba wote, maji yakiwa ukanda tu chini. Ilikuwa mali ya Amalie Redlich, mwanamke Myahudi wa Austria aliyehamishwa kwa nguvu kwenda Łódź, Poland, mwaka 1941 na hakurudi. Mchoro ulinyang'anywa, ukauzwa, ukaishia kwenye jumba la makumbusho la Salzburg. Mwaka 2011 ulirudishwa kwa mjukuu wake, na mwezi Novemba mwaka huo ukauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 40. Kila ninapouona mstari mtupu wa miaka hiyo kwenye katalogi, namkumbuka mama huyu.

Uliza nyumba ya mnada kama imekagua mchoro kwenye Art Loss Register, daftari la kazi zilizoibwa na kupotea. Interpol nayo ina hifadhidata yake, na programu yake ya simu ya ID-Art inakuwezesha kutafuta mwenyewe bila malipo.

Hatua ya 6: Jua ziwa ni lipi

Hii ni fupi lakini ina faida. Katalogi nyingi huandika tu "Ziwa milimani". Safu ya vilele ni kama sahihi ya mahali: Niesen ni piramidi inayoinuka juu ya Ziwa Thun, Watzmann ana vilele vyake juu ya Königssee, na Dents du Midi huonekana kama meno kutoka upande wa mashariki wa Ziwa Geneva. Linganisha na ramani na picha za sasa. Ukilitambua ziwa ambalo muuzaji hakulitambua, una taarifa ambayo wengine chumbani hawana, kwa kuwa mahali penye jina hupata wanunuzi wanaopapenda. Ukikuta mandhari imegeuka, kilele cha kulia kiko kushoto, shuku kwamba mchoro ulinakiliwa kutoka picha ya kuchapwa iliyogeuzwa.

Hatua ya 7: Piga hesabu kabla damu haijachemka

Bei ya nyundo, yaani ile ambayo mnadishaji hugongea nyundo, siyo bei utakayolipa. Tuchukue mfano wa nyundo kugonga kwenye 1,000. Ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 25, ongeza 250. Kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni 50. Ukinunua kupitia jukwaa la mtandaoni linalotoza asilimia 5, ni 50 nyingine. Umefika 1,350, na mchoro bado uko ghalani kwao.

Sasa igeuze hesabu, maana hivi ndivyo mnunuzi anavyopaswa kufikiri. Una 1,000 mfukoni kwa jumla. Tenga 250 za usafiri, bima na usafishaji. Zimebaki 750. Gawa kwa 1.35, unapata kama 555. Dau lako la mwisho ni 550. Liandike kwenye daftari, si kichwani. Viwango vinatofautiana kati ya nyumba na nyumba, hivyo soma masharti ya mauzo yao uingize namba zao. Ukinunua nje ya nchi uliyopo, ongeza ushuru wa forodha na uulize kama mchoro wa umri huo unahitaji kibali cha kusafirishwa. Kuna pia nchi ambako mchoraji aliye hai, au warithi wake hadi miaka 70 baada ya kifo chake, hulipwa sehemu ya bei kazi inapouzwa tena. Ufaransa ilianza utaratibu huo mwaka 1920. Katika minada mingine mzigo huo huangukia mnunuzi.

Unapolinganisha na mauzo ya zamani, kumbuka kwamba matokeo yanayotangazwa mara nyingi tayari yamejumuisha ada. Matokeo ya 1,250 kwa ada ya asilimia 25 ni nyundo ya 1,000. Wanaosahau hili hujikuta wamelipa ada juu ya ada. Linganisha pia kwa ukubwa, mwaka, na mada: mchoraji yule yule anaweza kuuza ziwa lake kwa mara kadhaa ya bei ya picha yake ya msitu.

Hatua ya 8: Siku ya mnada

Jisajili siku moja au mbili kabla; utaombwa kitambulisho na wakati mwingine amana. Una njia nne: kukaa chumbani na kibao chenye namba, kupigiwa simu, kutoa dau mtandaoni, au kuacha dau la maandishi ambalo mnadishaji atalitekeleza kwa niaba yako kwa bei ya chini inayowezekana. Mwenye moyo mwepesi nampendekezea ya mwisho. Liwasilishe mapema, kwa kuwa madau mawili ya maandishi yakilingana, lililofika kwanza kwa kawaida ndilo hushinda.

Ukiwa chumbani, hudhuria loti 20 za mwanzo bila kuinua mkono. Utajifunza mwendo wa mnadishaji na hatua anazopanda: labda 50 kwa 50 hadi 1,000, kisha 100 kwa 100. Angalia hatua hizo zinavyokutana na kikomo chako. Ikiwa ngazi ni 450, 500, 550, na mwenzako akasema 500, basi 550 ni yako. Mwenzako akikutangulia kwenye 550, imekwisha. Mnadishaji atakutazama machoni na kuuliza, "Moja zaidi?" Tikisa kichwa, weka kibao chini. Fahamu pia kwamba anaruhusiwa katika minada mingi kutoa madau kwa niaba ya muuzaji hadi kukaribia ile bei ya siri, kwa hiyo unaweza kuwa unashindana na mtu asiyekuwepo.

Nyundo ikigonga, mkataba umefungwa. Hakuna "nilikuwa natania", hakuna kurudisha kwa sababu rangi haikufaa sebuleni. Na loti isipouzwa, usiondoke na huzuni. Ulizia baada ya mnada. Wauzaji wengi hukubali bei ya chini kidogo kuliko kurudi na mchoro nyumbani.

Hatua ya 9: Kutoka ghalani hadi ukutani

Lipa kwa wakati, kwa sababu ghala huanza kutoza baada ya siku chache. Unapouchukua, kagua tena kwa tochi mbele ya mfanyakazi, upige picha. Uso wa rangi usigusane moja kwa moja na plastiki ya malengelenge: yale malengelenge huacha miduara kwenye vanishi, hasa kwenye joto. Weka kwanza karatasi laini isiyo na asidi au isiyonata, kisha kadibodi ngumu, halafu plastiki nje, malengelenge yakitazama nje. Mchoro usafirishwe ukiwa umesimama wima.

Mchoro ukifika, tamaa ya kwanza ni kuusafisha. Usifanye. Viazi, mkate, kitunguu, sabuni, vyote nimewahi kuvisikia vikisifiwa, na vyote huacha maji, mafuta au wanga ndani ya nyufa. Ziwa linaloonekana la manjano huenda ni la bluu chini ya vanishi iliyozeeka, na mhifadhi aliyesomea kazi hiyo ataanza na dirisha dogo la majaribio, yaani sehemu anayoisafisha kwanza, ukubwa wa stempu, pembezoni. Akikuonyesha dirisha hilo, angalia tena maji: je, tabaka nyembamba zimebaki? Kama zimebaki, mruhusu aendelee.

Utundike mbali na jua la moja kwa moja, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu, kwa ndoano mbili badala ya moja ili usipinde. Ukigundua baadaye kwamba kazi ni ya kughushi, rudi kwenye masharti ya mauzo haraka. Nyumba kubwa za mnada kwa kawaida hutoa dhamana ya miaka 5 dhidi ya kughushi, lakini hudai ushahidi wa wataalamu na mchoro ukiwa katika hali ile ile uliyoununulia. Kwa hiyo lebo za mgongo usizibandue, kiunzi usikitupe, na ankara, katalogi na ripoti ya hali zikae kwenye bahasha moja. Bahasha hiyo iweke kwenye faili. Usiibandike nyuma ya kanvasi.